Darasa la dakika 40 kuhusu jihadi kwa vijana: nianzie wapi, nisiruke nini?

Miyomboni_Juu

Assalaam alaykum wakuu, na habari zenu ndugu zetu msio Waislamu, maana humu Nyanda za Juu Kusini tumo wote.

Nimepangiwa darasa la vijana baada ya Isha hapa Iringa mjini. Mada ni jihadi, maana yake na umuhimu wake. Muda ni dakika 40. Wasikilizaji ni wa kidato cha pili hadi cha sita, na nyumbani kwao wengi wamechanganyika: baba Mwislamu, mama mkubwa Mlutheri, babu Mkatoliki.

Maelezo niliyokusanya yanagongana. Huyu anaandika "vita vitakatifu", yule anaandika "jihadi ni ya nafsi tu, mambo ya vita yaliisha zamani". Kila mmoja ana aya na hadithi yake. Naomba mwenye elimu anisaidie: neno lenyewe lina maana gani, ile hadithi ya "tumerudi kutoka jihadi ndogo kwenda jihadi kubwa" ina hali gani, nani mwenye haki ya kutangaza vita, na kijana wa hapa anaondoka na kazi gani mkononi. Sitaki hotuba, nataka vitu vya kushika.

KalamuYaUyole

Waalaykum salaam ustadh. Anza na ripoti ya shule. Kila mmoja wao anayo nyumbani, na chini kabisa mwalimu wa darasa ameandika "ongeza juhudi" au "ajitahidi zaidi". Andika ubaoni maneno manne: juhudi, jitihada, jitahidi, jihadi. Waulize herufi zipi zinajirudia. Watakuta J, H na D. Ni mzizi mmoja wa Kiarabu, na maana yake ni kutoa nguvu yako yote kwenye jambo zito, hasa pale kuna kinachokusukuma urudi nyuma. Kijana amekuwa akilitumia neno hili tangu darasa la kwanza, ila hajaambiwa ni la ukoo mmoja na lile linalotajwa kwenye taarifa ya habari.

Kisha wafungulie Sura Luqman aya ya 15. Pale kitenzi hichohicho, jahada, kinatumika kwa wazazi washirikina wanaomshikilia mtoto wao amshirikishe Mungu. Wanaofanya "jihadi" hapo ni wazazi, tena washirikina! Ni wazi kwamba neno peke yake halimaanishi upanga. Na usiishie hapo katikati, kwa sababu aya inaendelea: asiwatii katika hilo, lakini akae nao duniani kwa wema. Kwa vijana wenye nyumba mchanganyiko, nusu hiyo ya pili ina uzito kuliko darasa zima.

Halafu Sura Al-Furqan aya ya 52, iliyoshuka Makka. Mtume (s.a.w.) anaambiwa asiwatii makafiri, apambane nao kwa hiyo Qur'ani jihadi kubwa. Makka kulikuwa na miaka 13 ya kuteswa. Waislamu wa mwanzo waliumia: Sumayya aliuawa, Bilali alilazwa kwenye mchanga wa moto, na hakuna ruhusa ya kupigana iliyotoka. Ruhusa imo katika Sura Al-Hajj aya ya 39, na sababu yake imetajwa mlemle: wamedhulumiwa. Aya ya 40 inaongeza kwamba wametolewa majumbani mwao bila haki, na kwamba Mungu asingewazuia watu wengine kwa wengine, zingebomolewa nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti. Hijra, yaani kuhamia Madina, ni mwaka 622, vita vya Badri ni 624. Chora mstari ubaoni uweke miaka hiyo, wataona kwamba neno jihadi limeitangulia vita.

Kwa vita Qur'ani ina maneno yake: qitali ni kupigana, harbu ni vita. "Vita vitakatifu" haimo ndani ya Qur'ani hata mara moja. Al-Baqara aya ya 216 inasema mmeandikiwa kupigana nako ni jambo mnalolichukia. Kitu kinachoitwa cha kuchukiza hakiwezi kugeuka kuwa kitakatifu chenyewe. Ni wajibu wenye masharti, kama dawa chungu.

Ila kuna shimo hapa, na wahadhiri wengi huingia. Usiwaambie vijana "jihadi maana yake ni juhudi, basi". Hiyo ni maana ya lugha. Swala kwa lugha ni dua, lakini ukimwambia mtu "nimeswali Adhuhuri" hakuelewi kwamba uliomba dua ukiwa kwenye daladala, anaelewa rakaa nne zenye rukuu na sijda. Vivyo hivyo mwanachuoni wa fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, anapofungua mlango wa jihadi kitabuni, anazungumzia vita na sheria zake. Lugha ni pana, istilahi, yaani maana ya kitaalamu, ni nyembamba. Ukificha istilahi, kijana ataipata kwenye simu yake kutoka kwa mtu asiyemtakia mema, na atakuona wewe ndiye mwongo.

Isnadi_Mbeya

Naongezea kwenye hadithi tu.

"Tumerudi kutoka jihadi ndogo kwenda jihadi kubwa": dhaifu, yaani mapokezi yake hayaaminiki. Mwanachuoni wa hadithi Al-Bayhaqi aliipokea na yeye mwenyewe akasema mapokezi yake yana udhaifu. Ibn Hajar, naye mwanachuoni wa hadithi, akasema imejaa midomoni mwa watu, lakini ni maneno ya Ibrahim bin Abi Abla, ambaye ni tabiina (wa kizazi kilichofuata masahaba), si ya Mtume. Ibn Taymiyya alikuwa mkali zaidi, kasema haina asili.

Ustadh usiijengee darasa. Kijana mmoja mwenye bando atatafuta palepale, atanyoosha mkono aseme "dhaifu", na kila ulichosema kabla yake kitaanguka pamoja nayo. Wala huihitaji, zipo zilizosimama. Katika mkusanyiko wa hadithi wa Tirmidhi, kutoka kwa Fadhala bin Ubayd: mujahidi ni yule aliyepigana jihadi na nafsi yake. Kwa Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abdullah bin Amr: mtu alikuja kuomba ruhusa ya kwenda vitani, Mtume akamuuliza kama wazazi wake wako hai, akajibu ndiyo, akaambiwa basi afanye jihadi kwa hao wawili. Kwa Bukhari na Muslim tena: anayemhangaikia mjane na maskini ni kama mujahidi katika njia ya Mwenyezi Mungu. Kwa Bukhari, Bi Aisha aliuliza kuhusu wanawake na jihadi, akajibiwa kwamba jihadi yao bora ni hija iliyokubaliwa. Na kwa Abu Dawud na Tirmidhi, jihadi bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu.

Angalia ile ya wazazi kwa makini. Mtume hakusema vita si kitu. Aliangalia mtu aliyesimama mbele yake, akampa wajibu wake yeye.

Sokomatola82

Ustadh, swali la "nani anatangaza" ndilo usilikimbize. Mpe nusu ya muda wako.

Asili yake ni faradhi ya kutoshelezana, kama kuosha na kuzika maiti: wakisimama wanaotosha, waliobaki hawana dhambi. Inakuwa faradhi ya kila mtu katika hali tatu zinazojulikana: adui ameuvamia mji wenu, mtawala amemteua mtu kwa jina, au safu mbili zimeshakutana. Masharti ya mwenye kuwajibika ni Uislamu, baleghe, akili, uanaume, uhuru, na uwezo wa mwili na mali. Hali ikiwa ya kawaida, mwenye wazazi Waislamu haendi bila idhini yao, na mwenye deni lililofika muda haendi bila idhini ya anayemdai. Hilo la deni limebebwa na hadithi ya Muslim: shahidi, yaani aliyeuawa katika njia ya Mungu, husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Sasa kijana anadaiwa dukani na kwenye kikundi cha kukopeshana, halafu anaota kufa shahidi vitani. Mwambie aanze dukani.

Mwenye kutangaza ni kiongozi wa dola. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba imamu ni ngao, hupiganwa nyuma yake. Mwanachuoni wa fiqhi Ibn Qudama ameandika kwamba jambo la jihadi limewakilishwa kwa imamu na jitihada yake, nao raia wanalazimika kumtii katika anachokiona. Kwa hiyo sheikh wa mtaa hana mamlaka hayo. Imamu wa msikiti hana. Mtu asiye na sura wala jina kwenye kundi la simu ndiyo kabisa. Sababu ya kanuni hii ni ya kimatendo: vita ina mateka, ina mikataba, ina kusimamisha mapigano. Kikundi kisicho na dola hakiwezi kutimiza hata kimoja katika hivyo, kinabaki kuua tu.

Ahadi nayo usiiruke. Al-Anfal aya ya 72 ni kali kuliko watu wanavyodhani: Waislamu wengine wakikuombeni msaada katika dini ni wajibu kuwasaidia, isipokuwa dhidi ya watu ambao kati yenu na wao kuna mkataba. Yaani mkataba umetangulizwa hata mbele ya kilio cha ndugu wa imani. Wanachuoni wengi wa leo wanahesabu uraia, pasipoti na viza kuwa ni ahadi ya amani pande zote mbili. Anayepanda basi Tunduma kwenda nchi jirani kwa hati halali ameingia kwa amani, na damu na mali za wenyeji wake ni haramu kwake.

Mwenendo wa vitani: Ibn Umar amepokea kwamba Mtume alikataza kuua wanawake na watoto. Khalifa Abu Bakr alipomtuma kamanda Yazid bin Abi Sufyan kuelekea Sham (eneo la Syria) alimuusia mambo kumi: asiue mwanamke, wala mtoto, wala mzee aliyekongoka, asikate mti wenye matunda, asibomoe palipokaliwa, asichinje kondoo wala ngamia ila kwa kula, asichome nyuki wala asiwatawanye, asiibe ngawira, asiwe mwoga. Na watawa waliojifungia kwa ibada aliamuru waachwe na kile walichojifungia. Hapo kwenye nyuki simama kidogo. Mkulima wa parachichi wa Njombe au Rungwe anajua maana ya mti uliochukua miaka kuzaa na mzinga wa nyuki. Ukimuuliza kijana: dini iliyokataza kuchoma mzinga katikati ya vita inaruhusuje kulipua soko? Atajijibu mwenyewe.

Sasa aya ya 5 ya Sura At-Tawba, ile wanayoiita aya ya upanga. Makosa hufanyika kwa kuisoma peke yake, na wanaofanya hivyo ni wenye siasa kali na wapinzani wa Uislamu kwa pamoja, kana kwamba wamepatana. Mpe kijana mmoja asome kwa sauti kuanzia aya ya 1 hadi ya 13, ni dakika tano hivi. Aya ya 4 inawatoa washirikina waliotimiza mikataba yao. Aya ya 6 inasema mshirikina akiomba hifadhi mpe, asikie maneno ya Mungu, kisha mfikishe mahali pake pa amani. Huruhusiwi hata kumwacha njiani. Aya ya 13 inataja kosa la waliopigwa vita: walivunja viapo, walikusudia kumfukuza Mtume, nao ndio walioanza.

Na la mwisho ambalo wengi hulificha: ndiyo, mafaqihi wengi wa zamani waliruhusu imamu aanzishe vita nje ya mipaka, si kujilinda tu. Usikane, imeandikwa. Waeleze kwamba waliandika katika zama ambazo hali ya asili kati ya dola mbili zisizo na mkataba ilikuwa vita, kwa pande zote. Leo hali ya asili ni mkataba. Wanachuoni wengi wa karne hii wanarudi kwenye Al-Baqara 190, piganeni na wanaokupigeni wala msivuke mipaka, na Al-Mumtahina 8, kuwatendea wema na uadilifu wasiokupigeni vita kwa ajili ya dini wala kukutoeni majumbani mwenu. Ni tofauti ya kielimu yenye sababu, kijana wa kidato cha tano anaiweza.

Mtwivila_Mkristo

Nimesoma kwa utulivu, asanteni. Hiyo ya wazazi kwenye Luqman sikuwa naijua. Swali la pembeni: sisi Wahehe tunasema Mkwawa alipigania nchi. Kwenu ile ingehesabiwa jihadi?

Sokomatola82

Karibu ndugu yangu. Hapana, na si kwa kumshusha. Abu Musa amepokea kwamba mtu alimuuliza Mtume: kuna anayepigania ngawira, kuna anayepigania sifa, kuna anayepigana aonekane cheo chake, yupi yuko katika njia ya Mungu? Akajibu: anayepigana ili neno la Mwenyezi Mungu liwe juu. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na aliendelea kuwasumbua mpaka kifo chake mwaka 1898, lakini alilinda himaya na watu wake, hakuitangaza vita kwa jina la dini. Majimaji ya 1905 vilevile, iliunganisha watu wa dini na mila mbalimbali. Kulinda roho, familia na mali yako kuna mlango wake katika fiqhi, unaitwa kumzuia mshambuliaji, na Mwislamu anayeuawa akilinda mali yake ametajwa katika hadithi kuwa ni shahidi. Ni mlango mwingine. Si kila vita ya haki ni jihadi, wala si kila inayoitwa jihadi ni ya haki.

BintUsangu

Kaka zangu mmemaliza upanga, mali mmeiacha. Karibu kila mahali Qur'ani inapotaja jihadi kwa mali na nafsi pamoja, mali ndiyo imetangulia. Tazameni At-Tawba 41 na As-Saff 11. Hiyo ndiyo sehemu ya swali la nne la ustadh.

Kwa nafsi, mwanachuoni Ibn al-Qayyim ameigawa jihadi katika daraja 13, na nne za kwanza ni za nafsi, kwa mpangilio: kuisoma dini, kuifanyia kazi, kuifundisha, na kuvumilia yanayokupata kwa sababu hiyo. Mpangilio una maana. Vijana wengi huruka ya kwanza na ya pili wakatua ya tatu, wanalingania kwa video ambazo hawajazielewa. Kazi ya wiki: kila mmoja ataje kitu kimoja anachokijua lakini hakifanyi. Alfajiri, kwa mfano. Julai hapa kwetu baridi ya alfajiri inauma mifupa, na maji ya udhu ni kama barafu. Kutawadha vizuri wakati mtu anachukia maji kumetajwa na Muslim miongoni mwa mambo ambayo Mungu hufuta kwayo makosa. Hapo ndipo mzizi J-H-D unapoonekana bila ubao.

Kwa mali, wafundishe zaka ya mavuno, maana nyumba zao wanalima. Kiwango ni wasaki 5 (kipimo cha zamani cha nafaka), yaani pishi 300, ambazo kwa kilo ni kati ya 612 na 653 kutegemea hesabu ya pishi. Mahindi ni kama magunia sita na nusu ya kilo 100. Lumbesa isihesabiwe kuwa gunia moja, pima kwa mizani. Mpunga ukiwa na maganda, kwa madhehebu ya Shafi kiwango ni mara mbili, wasaki 10. Shamba la mvua zaka yake ni sehemu moja ya kumi: magunia 20 ya mahindi, mawili yanatoka. Maji ya pampu au ya kununua ni sehemu moja ya ishirini. Huku kwetu Mbarali watu hukosea hapa. Mfereji unaoteremka wenyewe kutoka mtoni unahesabiwa kama mvua kwa Shafi, hata kama skimu inaitwa ya umwagiliaji. Haupunguziwi.

Kosa la pili: kuchukua zaka kununulia bati za msikiti kwa hoja kwamba "fi sabilillahi" (katika njia ya Mungu) imo katika At-Tawba 60. Kwa Shafi fungu hilo ni la wapiganaji wa kujitolea wasio na mshahara. Wapo wanachuoni wa sasa walioupanua mlango huo, lakini mafukara na masikini ndio waliotajwa mwanzo wa aya. Bati changishaneni kwa sadaka. Na yule mjane aliyetajwa juu na Isnadi_Mbeya, si wa kitabuni. Kila mtaa nyumba yake inajulikana, na mahindi yake hayajapukuchuliwa.

Miyomboni_Juu

Jazakumullahu khayran nyote, dada yangu pia. Nimepanga hivi: ripoti ya shule na Luqman dakika 8, mstari wa miaka dakika 5, hadithi sahihi dakika 5, mamlaka na mikataba dakika 8, wosia wa Abu Bakr dakika 4, nafsi na mali dakika 5, At-Tawba mwishoni dakika 5. Naona imejaa.

Sokomatola82

Imejaa, na hukuacha nafasi ya maswali hata dakika moja. Mstari wa miaka uchore kabla hawajaingia. Zaka ya mavuno ipe darasa lake, Mei wakati wa kuvuna. Maswali waandike kwenye karatasi bila majina, la sivyo wenye maswali mazito watanyamaza na kwenda kuyauliza simu.

At-Tawba itoe mwishoni. Adhana, umeme kukatika, mzazi mlangoni na pikipiki, chochote kikikukatisha kwenye aya ya 5, watalala nayo hawajafika ya 6. Iweke dakika ya kumi na tano.